Kovu la mto au kovu la barabara? Kusoma michubuko ya kayaki na vifaa vya nje

Kijana mmoja alinishushia kayaki kutoka kwenye boda boda, nyekundu iliyopauka ikawa rangi ya nyanya iliyolala sokoni siku tatu. Akaipindua tumbo juu kwenye nyasi. "Mzee, hii imekufa?"

Tumbo lilikuwa limechanwachanwa, na mwenyewe alikuwa na hadithi tayari: maporomoko ya Itanda, kupinduka, jiwe, mlio wa "krrr". Nikapitisha ukucha juu ya makovu. Mawili makubwa kuliko yote yalikuwa sambamba, yamekata chombo kwa upana, ubavu hadi ubavu, na ndani yake kulikuwa na wekundu wa kutu. Jiwe la Nile haliachi kutu. Zile zilikuwa nondo mbili za karia ya boda iliyomleta.

Hiki ndicho ninachokutana nacho kila mara hapa Jinja, Uganda. Nile ikitoka Ziwa Victoria ni mto wa maji mengi na kina kirefu, na maporomoko yake hukupiga kwa maji kuliko kwa mawe. Mtu anapinduka, anameza maji ya kutosha, anatoka akikohoa, na chombo chake hakina hata alama. Alama huletwa na nchi kavu: karia, paa la gari, changarawe ya njia ya kushukia mtoni, na jua. Na safari za nchi kavu zimeongezeka. Bwawa la Bujagali lilipojazwa mwaka 2011, maporomoko ya jina hilo yalizama. La Isimba, lililozinduliwa 2019, likameza mengine huko chini. Itanda na Kalagala yamebaki, lakini wengi wetu sasa tunabeba vyombo kwa barabara ya vumbi kwa muda mrefu kuliko muda tunaokaa majini.

Kwa hiyo kabla hujashika kisu, msasa au gundi, soma kovu kwanza. Michirizi inayokwenda kwa urefu, kutoka omo (mbele) kuelekea tezi (nyuma), ni ya jiwe au ya kuburuta. Inayokata kwa upana ni ya karia au ya kamba. Duara dogo lililopauka katikati ya tumbo ni pale chombo kilipolazwa juu ya kisiki au ncha ya ukuta. Haya yote ni ya kayaki za plastiki, ambazo ndizo nyingi hapa. Plastiki hiyo ni polietilini, ndugu wa damu wa jerikeni ya njano na binamu wa kaveera, mfuko wa plastiki wa dukani. Ukilikumbuka hilo, nusu ya majibu utayapata mwenyewe: lile ambalo jerikeni hustahimili, kayaki hustahimili, na lile ambalo gundi haiwezi kwa jerikeni, haiwezi kwa kayaki.

"Imechubuka kila mahali na ina manyoya"

Pitisha ukucha. Ukipita bila kunasa, achana nalo. Ukinasa kidogo, achana nalo pia. Tumbo la kayaki ya mtoni huanza na unene wa milimita 5 hivi, na mkwaruzo unaouona vizuri kwenye mwanga wa jioni mara nyingi hauna hata nusu milimita. Rangi imechanganywa kwenye plastiki yote, si kupakwa juu, kwa hiyo hakuna kinachobanduka.

Yale manyoya, yaani nyuzi za plastiki zilizosimama kando ya mkwaruzo, ndiyo ya kushughulikia, kwa sababu huvuta maji na hukuchana viganja. Hapa watu hukimbilia msasa. Usifanye hivyo. Msasa kwenye polietilini huzalisha manyoya mengine, madogo na mengi zaidi, na ukimaliza unakuwa na chombo kinachofanana na blanketi. Chukua wembe au kisu kikali cha bapa, kilaze karibu na plastiki, nyoa kuelekea upande mmoja kama kinyozi. Dakika ishirini, tumbo zima limekwisha. Kuna wanaopitisha moto wa njiti au wa jiko la gesi ili manyoya yajikunje. Linawezekana, lakini nimeona vyombo viwili vilivyobabuka kwa namna hiyo, na plastiki iliyobabuka hairudi.

"Huku nyuma pamekuwa laini nikibonyeza"

Hili ndilo kovu la kuogopa kuliko yote, na ndilo watu huliona mwisho kwa sababu haliumizi macho. Watu wengi wakitoka mtoni hushika kishikio cha omo na kuvuta, tezi likijiburuta juu ya changarawe hadi barabarani. Kila safari inakula kidogo, mahali palepale.

Subiri giza liingie. Weka tochi ya simu ndani ya kayaki, upande wa nyuma, kisha tazama kwa nje. Plastiki nzima hupitisha mwanga hafifu ulio sawasawa, au haupitishi kabisa kama rangi ni nzito. Palipolika huwaka kama taa ya chumbani iliyofunikwa khanga. Halafu bonyeza kwa kidole gumba hapo na mahali pengine palipo pazima, ulinganishe. Pakibonyea kama kifuniko cha ndoo, umebakiza unene wa kucha.

Palipowaka lakini hapajabonyea, kazi ni kuacha kuburuta, basi. Bebeni wawili, au mmoja abebe begani. Palipobonyea, unaweza kuongeza plastiki kwa kuchomelea (njia yake iko chini), lakini kiraka cha mahali pembamba ni kigumu kuliko kiraka cha ufa, kwa kuwa joto linaweza kutoboa kile kidogo kilichobaki. Mimi hapo huchomelea kwa nje tu, tabaka jembamba juu ya jingine, na kupumzika katikati mpaka pakae baridi.

"Tumbo limeingia ndani"

Kayaki imebonyea, imekuwa kama kopo lililokanyagwa, na majini inaogelea kimshazari. Sababu karibu siku zote ni moja: imefungwa juu ya gari kwa mikanda iliyokazwa kwa nguvu zote, au kwa vipande vya tyubu ya tairi ambavyo dereva huvivuta mpaka vilie, kisha gari likaegeshwa juani huku watu wanakula rolex, ile chapati ya mayai. Joto hulainisha plastiki na mkanda unaifinyanga.

Habari njema ni kwamba polietilini ina kumbukumbu ya umbo lake. Jua lililoleta ugonjwa ndilo dawa. Ilaze kayaki tumbo juu saa sita mchana bila mzigo wowote, uiache saa mbili au tatu. Mara nyingi hurudi yenyewe, wakati mwingine kwa mlio wa "pop" unaomshtua mbwa. Isiporudi, mimina maji ya moto juu ya shimo huku mwenzako anasukuma kwa ndani na kiganja chenye glavu, kisha mwagia maji baridi ili umbo lishike. Shimo la siku nyingi halirudi lote. Likibaki la kina cha kidole, utaishi nalo.

Namna ya kufunga: lalisha chombo kwa ubavu, si kwa tumbo, weka godoro kuukuu kati yake na chuma, na kaza mkanda mpaka chombo kisitikisike, hapo hapo uache. Usiongeze pumzi moja ya mwisho.

"Rangi imepauka na nikigusa naona unga"

Jinja iko kilomita 50 hivi kaskazini mwa ikweta na zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Jua letu halina kipupwe. Miale yake hukata minyororo ya plastiki taratibu, rangi inafifia, kisha uso unatoa unga mweupe, na mwisho plastiki inapoteza ulaini wake.

Kupauka peke yake si ugonjwa. Unga ni onyo. Kipimo cha kweli ni hiki: nyoa kipande chembamba cha plastiki kwenye ukingo wa tundu la kukalia, mahali ambapo hapatadhuru, kisha ukikunje. Kikijikunja kama ganda la ndizi mbichi, chombo bado ni kizima. Kikikatika "tak" kama ganda la yai, chombo hicho usikipeleke kwenye maporomoko hata kama hakina mkwaruzo mmoja. Hakichomeleki pia, maana ufa mpya utazuka kando ya kiraka. Kipandie sukuma wiki. Ninajua kinachoniuma kusema hivyo ni bei, lakini nimeona chombo kizuri kwa macho kikigawanyika katikati ya ziwa, na mwenyewe akarudi nchi kavu amekumbatia nusu yake.

Kinga ni kivuli. Si turubai la kufunika lililogusana na plastiki, maana hilo hutengeneza jiko. Kivuli cha mti au cha bati, na hewa ipite. Kama huna, chombo kilale tumbo juu, ili jua lile upande ambao unaweza kuukagua kwa urahisi.

"Ina ufa"

Hapa tukae kidogo.

Kwanza, usiguse supagluu, epoksi, wala ile gundi ya mirija miwili. Polietilini haishikiki na gundi za kawaida. Gundi itakauka, itapendeza, utapiga picha, kisha wiki ya pili itabanduka nzima kama plasta iliyolowa. Nilijifunza hilo kwa kiraka changu mwenyewe nilichokisifia mbele za watu. Kwetu pwani mafundi hukalafati majahazi kwa pamba na mafuta, plastiki haikalafatiki.

Jibu ni joto. Wale mafundi wanaokaa pembeni mwa soko na jiko la mkaa, wakichomelea jerikeni na beseni zilizopasuka kwa chuma cha moto, wanafanya kazi ileile. Tofauti ni kwamba beseni halibebi uhai wa mtu.

Kabla ya yote jua plastiki yako. Nyoa kipande kidogo, kiguse na ncha ya chuma cha kulehemu. Kikiyeyuka kuwa kimiminika kinachong'aa, kazi inawezekana. Kikilainika kama mpira lakini hakiyeyuki, kisha kikaungua na kuwa cheusi, hiyo ni polietilini ambayo minyororo yake imefungamanishwa kiwandani. Haichomeleki, hata kwa fundi hodari kuliko wote.

Inayoyeyuka, fanya hivi. Safisha kwa maji na sabuni, kausha siku nzima, maana unyevu uliojificha kwenye ufa huchemka na kuacha matundu. Tafuta mwisho halisi wa ufa, kila upande. Macho hudanganya: kunja chombo kidogo kwa mkono, ufa hufunguka na kuonyesha ulipofika. Toboa tundu la milimita 4 au 5 pale pale unapoishia, pande zote mbili. Hilo tundu ndilo linalosimamisha ufa. Ukiliruka, ufa utaendelea kutembea chini ya kiraka chako. Kisha chimba mfereji wenye umbo la V kufuata ufa kwa ncha ya kisu, kina cha theluthi mbili ya unene.

Plastiki ya kujazia iwe ya chombo kilekile. Nyoa nyuzi kwenye ukingo wa ndani wa tundu la kukalia, au omba kipande cha chombo kilichokufa cha kiwanda hicho hicho. Jerikeni ni jibu la dharura tu: ni polietilini, lakini ni ngumu zaidi, imetengenezwa kwa kupulizwa, na kiraka chake hupenda kuvunjika ukingoni.

Sasa joto. Polietilini huyeyuka kuanzia karibu nyuzi 120 hadi 130 za Selsiasi, na chuma cha kulehemu kinaweza kupita hapo mara tatu. Unachotafuta ni plastiki inayong'aa na kuwa kama asali nzito. Ukiona moshi, ukisikia harufu ya mshumaa uliozimwa, au rangi ikigeuka kahawia, umeiunguza, na iliyoungua haina nguvu. Lainisha kuta za mfereji na uzi wa kujazia kwa wakati mmoja, kisha ukandamize uzi ndani huku unasogea polepole. Kosa la wanaoanza ni kuyeyusha uzi tu na kuumwaga juu ya kuta baridi. Hapo umemwaga nta juu ya sahani: inakaa lakini haijashikana. Yayeyuke yote mawili, yaungane, uone mpaka unapotea.

Iache ipoe yenyewe. Usimwagie maji. Kesho yake nyoa kilichozidi, halafu jaribu: bonyeza kwa goti kando ya kiraka. Kikitoa mlio, rudia. Na kama ufa ni mrefu kuliko kiganja, au uko chini ya kiti ambapo uzito wote hukaa, mimi hufukia kipande cha wavu wa chuma kisichoshika kutu ndani ya plastiki kwa upande wa ndani kabla ya kujaza.

Uko mtoni, hauko karakana? Kausha kwa kitambaa na jua, pasha ufa moto kidogo, bandika tepu ya lami, ile wanayozibia mabati, ndani na nje. Itakufikisha nyumbani. Isikushawishi kurudi kesho.

"Inaingiza maji lakini sioni tundu"

Usianze kutafuta ufa. Anza na kizibo: mpira wake umekauka, au punje ya mchanga imekaa kwenye nyuzi. Kisha skrubu za kiti na za vishikio, ambazo hulegea na kuacha njia. Mwisho, ukingo wa tundu la kukalia na sketi yenyewe, kile kitambaa unachovaa kiunoni kuziba tundu hilo. Wengi hulalamikia chombo kumbe maji yanaingia kiunoni.

Ukitaka uhakika, weka chombo juu ya tairi mbili kuukuu, tandaza magazeti chini, mimina nusu jerikeni ya maji ndani, na kiinamishe taratibu huku na huku. Gazeti litakwambia. Usijaze chombo; lita 100 ni kilo 100, na ukikinyanyua hivyo utatengeneza ufa ambao haukuwepo.

Za faiba

Ziwa Bunyonyi na upande wa visiwa vya Ssese huenda ukakutana na kayaki ndefu za faiba, yaani kitambaa cha nyuzi za kioo kilichogandishwa kwa gundi. Hizo ni dunia nyingine, gundi ndiyo dawa yao. Mstari mweupe usioonyesha nyuzi za kitambaa ni ngozi tu. Ukiona nyuzi, maji yanaingia, kausha na uzibe kwa epoksi na kitambaa cha faiba. Gonga kwa sarafu kuzunguka kovu: mlio mkali ni uzima, mlio mzito kama wa papai bovu ni tabaka zilizoachana, na hapo lazima ukate mpaka ufikie palipo pazima.

Kafi

Ncha ya kafi hulika, na hilo si neno: kwangua kidogo, paka epoksi kwenye ukingo ili maji yasipande kati ya tabaka. Kovu baya liko kwenye mpini. Mpini wa kaboni wenye mkwaruzo wa kukata kwa upana, unaonasa ukucha, huvunjika hapo hapo siku unayouhitaji kuliko zote. Sikia kwa mkono: bana kafi katikati ya magoti, likunje kidogo, na sikiliza kama kuna mlio wa vijiti vinavyovunjika. Ukiusikia, kafi hilo ni la kufundishia.

Kafi la vipande viwili likigoma kutengana, ni mchanga. Lizamishe majini, ligeuze huku unatikisa, mchanga utatoka. Usitie grisi. Grisi hukamata mchanga wa kesho.

Jaketi la kuokoa maisha

Kitambaa kupauka kunaonekana, sponji kufa hakuonekani. Jaketi hukaliwa kama mto, hukandamizwa chini ya mizigo, huachwa juani, na povu la ndani husinyaa. Libonyeze kwa vidole: likibaki na shimo kwa muda mrefu, shuku.

Kipimo changu ni cha sokoni. Majaketi mengi ya watu wazima ya mtoni yameandikwa ndani nguvu ya kuelea, kwa kawaida kuanzia newtoni 50, yaani kuinua kilo 5 hivi. Azima jiwe la mizani la chuma la kilo 5 kwa mama wa maharagwe. Likiwa majini, chuma hicho hupungua uzito kiasi cha kubaki kama kilo 4.3 hivi. Lifunge kwenye jaketi, ushushe vyote kwenye pipa la maji. Jaketi zima litaelea bila shida. Likizama au kujikokota juu ya maji, limekwisha. Fanya kwenye pipa, si mtoni, kwa sababu jiwe likienda na Nile utamkuta mama yule kila Jumamosi ya maisha yako.

Mkanda uliokatika mshono fundi cherehani anaweza kuushona upya kwa uzi wa nailoni. Pamba hapana, inaoza. Buckle iliyopasuka badilisha, usiifunge kwa waya.

Kofia ngumu haina mengi: ikiwa na mistari mieupe kwenye ganda au povu la ndani limejibonyeza, haitengenezwi. Na dawa ya mbu yenye kemikali ya DEET huyeyusha aina kadhaa za plastiki, pamoja na miwani na mikanda ya saa, kwa hiyo ukishaipaka, nawa viganja, ndipo ushike vifaa.

Kamba ya kurushia

Kamba inayoelea, ile ya kumrushia mtu aliye majini, ni ya polipropilini, ndiyo maana tunaipenda, na ndiyo maana jua linaipenda pia. Dalili yake ni ugumu na vumbi la nyuzi kwenye viganja. Ipitishe yote mkononi, macho yamefumbwa, polepole. Mahali inapobadilika unene, inapokuwa ngumu ghafla au inapolegea kama utumbo, kuna uzi uliokatika ndani. Usiikate na kuifunga fundo ukaendelea nayo. Ikaanikie nguo.

Sketi

Hupasuka pale inapokunjika ukingoni, na sababu mara nyingi ni kovu kali kwenye ukingo wa kayaki yenyewe. Nyoa kovu hilo kwanza, la sivyo utaziba sketi kila mwezi. Kuziba ni rahisi hapa kwetu: gundi ya mpira ya fundi viatu hushika kitambaa hicho vizuri. Paka pande zote mbili, ngoja mpaka isinate kidoleni, ndipo uzigandamize. Wasiokuwa na subira ya dakika kumi ndio wanaosema gundi ni feki.

Hema linalonata na kunuka

Umelitoa baada ya miezi, linashikana lenyewe kwa lenyewe, lina harufu ya matapishi ya mtoto. Wengi hudhani ni ukungu na kulifua kwa sabuni kali. Siyo ukungu. Ni utando wa polyurethane wa kuzuia maji ambao unyevu umeuvunja, kwa sababu hema lilikunjwa likiwa bichi baada ya milima ya Rwenzori au Elgon na kusahauliwa stoo. Utando huo haurudishiki. Unaweza kuusugua wote kwa spiriti na brashi laini mpaka utoke, kisha kupaka mpya, ila kazi hiyo ina maana tu kama kitambaa ni kizima: vuta kwa vidole gumba viwili, kikichanika kama karatasi, kikate vipande vya kufunikia kuni.

Utepe wa mshono kubanduka ni jambo dogo. Ubandue wote, paka gundi ya mshono. Angalia tu kitambaa chako kimepakwa nini: silikoni hushikwa na silikoni, kingine hakishikwi nayo.

Buti lililofungua mdomo

Tazama mahali lilipoachana. Kama ni safi, fundi viatu atabandika na kushona, utatembea miaka. Kama sponji ya katikati inamomonyoka kama keki ya juzi, usimpe fundi hela yako. Hakuna cha kushikia. Buti za hivyo hufa zikiwa zimehifadhiwa, si zikiwa zinavaliwa. Kwa matope ya Rwenzori waongozaji wengi wanavaa gambuti, na baada ya saa moja kwenye kinamasi cha Bigo utaelewa kwa nini.

Zipu inayofunguka nyuma ya kichwa chake

Meno ni mazima, kilicholegea ni kile kichwa kinachotembea. Kibane kidogo kwa koleo, kushoto kisha kulia, ujaribu, ubane tena. Ukikivunja hakuna msiba: mafundi wa soko la Owino, Kampala, huuza vichwa vya zipu kwa kimoja kimoja, mradi uende na zipu yenyewe ili saizi ilingane. Baada ya hapo sugua meno kwa mshumaa.

Matundu madogo ya duara kwenye mfuko usioingiza maji

Kama kingo zimetafunwa, si mkwaruzo. Ni panya, na amefuata karanga ulizosahau chini ya mfuko. Toa karanga, osha mfuko, ziba kwa kiraka cha plastiki ya jamii ileile na gundi yake, na uutundike kwa waya badala ya kamba.